Walikufa Njaa Ndani ya Tangi Safi: Nilivyojifunza Kulisha Samaki wa Chini

Oto wa kwanza, samaki mdogo mla mwani wa kwenye tangi langu, alikufa siku ya tisa. Nilimkuta alfajiri ameng'ang'ania mzizi wa gogo kama aliyesinzia. Nikamgusa kwa ncha ya kijiti, akaachia, akaporomoka taratibu hadi mchangani. Nilimweka kiganjani nikamkagua. Mapezi mazima, mstari mweusi wa ubavuni haujafifia, hana doa wala jeraha. Nilipomgeuza chali ndipo nikaliona tumbo: limebonyea kwa ndani kama kijiko. Sikujua nilichokuwa nakitazama. Nilijiambia ni uchovu wa safari, nikamfukia kwenye chungu cha maua, nikaenda kazini. Hadi wiki ya tatu inakwisha nilikuwa nimefukia watano kati ya sita.

Naandika haya kwa sababu kila nikimwona mtu ananunua samaki wa chini "ili asafishe tangi", moyo hunishtuka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Niliambiwa, na nikaamini bila kuuliza la pili, kwamba samaki wa chini hula mabaki ya wenzake, hula mwani, hula uchafu, kwa hiyo hana haja ya kutengewa chakula. Nilimchukulia kama fagio, na fagio halilii njaa.

Tangi lilikuwa la lita 120, lenye mchanga laini, gogo moja kubwa na mimea michache. Juu na katikati waliogelea samaki wadogo wa makundi. Chini niliweka aina tatu. Koridora sita, wale kambare wadogo wenye ndevu fupi na mwili uliofunikwa bamba ngumu. Oto sita, wadogo kuliko kidole, ambao kutwa kucha kazi yao ni kulamba vioo na majani. Na pleko mmoja wa jenasi ya Ancistrus, dume mwenye vijitawi vya nyama puani. Wote asili yao ni mito ya Amerika Kusini, wote ni kambare, wote hushinda chini, na hapo ndipo nilipopotea. Nilidhani wanaokaa pamoja wanakula pamoja.

Na tangi lilikuwa safi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila Jumamosi nilifuta vioo, nikafyonza mchanga, nikabadili robo ya maji. Mwani ulikuwa haupati siku mbili za kuota kabla sijaukwangua. Kwa mikono yangu mwenyewe niliondoa chakula pekee walichokuwa nacho wale oto, halafu nikashangaa wanakufa.

Baada ya yule wa tano nilimwomba mzee mmoja ninayemheshimu aje nyumbani. Alikuwa amefuga samaki miaka mingi kabla mimi sijajua tangi ni nini. Nilimwamkia, nikamkaribisha, na kabla hajakaa vizuri nikaanza kujitetea.

"Mzee, maji nimepima. Amonia sifuri, naitraiti sifuri, sumu zote mbili za uchafu hazipo. Sijui huu ni ugonjwa gani."

Hakunijibu. Alipiga goti mbele ya kioo, akamtafuta oto aliyebaki, akasubiri. Alikuwa amejibandika kwenye kioo cha mbele, tumbo limetuelekea.

"Mwanangu, unaona hapa, nyuma ya mdomo, kabla hujafika mapezi ya tumboni?" Akaweka kidole juu ya kioo. "Panatakiwa pawe pamejaa, pamevimba kidogo. Hapa pamekwenda ndani. Huyu hana ugonjwa. Huyu ana njaa."

"Lakini mzee, mbona nalisha kila siku?"

"Unamlisha nani?"

Sikuwa na jibu. Chakula nilichokuwa nikitia kilikuwa vile vipande vyembamba vinavyoelea. Samaki wa juu walikimaliza kabla hujahesabu mpaka sitini. Kilichofika chini kilikuwa vumbi, tena mchana, taa ikiwaka, wakati pleko amejificha chini ya gogo na hatoki mpaka giza liingie. Nilikuwa nikilisha ghorofa ya juu peke yake.

Mzee yule alinieleza kwa ufupi jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kununua samaki hata mmoja. Koridora si mla majani. Mtoni huchimba mchanga akitafuta vijidudu, minyoo na viluwiluwi, na zile ndevu ndizo zinazomwonyesha kilipo chakula. Ukimpa mboga ataonja, pengine atachokonoa kipande kilicholainika, lakini hawezi kuishi kwa hiyo. Oto yuko upande wa pili: mdomo wake ni wa kukwangua mwani laini na ule utando mwembamba unaoota juu ya kila kitu kilichokaa majini muda mrefu. Isitoshe, wengi wao huvuliwa mtoni na kusafirishwa masafa marefu, hukaa siku nyingi bila kula, na hufika kwako tayari wamedhoofu. Ukimweka kwenye tangi jipya, linalong'aa, umemweka jangwani. Pleko wa Ancistrus yuko katikati lakini ameegemea majani. Utumbo wake ni mrefu, umejikunja tumboni kama kamba iliyoviringishwa, utumbo wa mnyama anayekula chakula kingi chenye virutubisho kidogo, mchana na usiku.

Hapo nawaomba wasomaji mnivumilie kidogo, kwa sababu jina "pleko" limewaponza wengi. Pleko wa kawaida anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, wa jenasi ya Pterygoplichthys, hukua akavuka sentimita 30, na wengine hufika 40 na zaidi. Ancistrus huishia kwenye sentimita 12 hadi 15. Wako pia wa jenasi ya Panaque, wenye meno yenye umbo la kijiko, wanaotafuna magogo kwa sauti unayoweza kuisikia chumba kikiwa kimya. Ukijua uliyenaye ndipo utajua utamlisha nini na tangi lako litamtosha miaka mingapi. Na huyo mkubwa akikushinda, mtafutie mwenye tangi kubwa. Usimwachie mtoni. Huko Florida, Meksiko na Ufilipino pleko hao wamekwisha kuzaana porini na kuchimba mashimo kwenye kingo za mito, na chanzo kimojawapo ni watu waliowachoka.

Mzee alipoondoka nilikuwa na huzuni na pupa kwa pamoja, na pupa ile ikazaa kosa la pili, baya kuliko la kwanza.

Jioni ile ile nilikata mboga zote zilizokuwa jikoni. Tango, mumunye changa la kijani, fungu zima la spinachi, njegere na maganda yake. Sikuchemsha kitu. Spinachi na tango vilielea, nikavifunga kwa mpira kwenye mawe nikavizamisha. Nikazima taa, nikalala nikiwa nimeridhika kwamba nimewatendea haki. Asubuhi hakuna kilichoguswa. Nikaviacha, nikidhani watazoea. Siku ya pili spinachi ilikuwa inateleza ukiigusa. Siku ya tatu nilirudi nyumbani nikakuta maji yana ukungu mweupe, kama mtu ametia maziwa.

Mwanangu ndiye aliyenionyesha koridora. "Baba, mbona wanapanda juu hivi?" Koridora kwa kawaida hupanda juu mara moja moja kuvuta pumzi, kwa sababu sehemu ya nyuma ya utumbo wake inaweza kuchukua oksijeni kutoka hewani. Ukimwona akifanya hivyo mara chache kwa saa, muache. Jioni ile walikuwa wanapanda na kushuka, wanapanda na kushuka, bila kupumzika. Nilipima maji mikono ikitetemeka: amonia ilikuwa kati ya miligramu 1 na 2 kwa lita, naitraiti nayo imeanza kupanda. Mboga inayooza hutoa amonia kama samaki aliyekufa anavyotoa, na bakteria wanaoiozesha hula oksijeni ya maji. Bakteria wazuri wa kwenye chujio, wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na sumu kali kama hizo, walikuwa wamezoea mzigo mdogo. Niliwatupia mzigo wa mara kumi kwa usiku mmoja.

Niliondoa mboga zote, nikabadili nusu ya maji kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto lile lile, nikaongeza pampu ya hewa. Kesho yake nikabadili theluthi nyingine. Nililala sebuleni usiku ule. Koridora wawili hawakufika asubuhi. Yule oto aliyebaki, ambaye kwa haki yote ndiye aliyepaswa kufa, aliishi.

Nililia. Sioni haya kulisema. Wale watano niliwaua kwa kutowapa chakula, na hawa wawili kwa kuwapa kingi.

Kwa hiyo nikaanza upya, polepole, mboga moja kwa wakati. Nilianza na mumunye, na mpaka leo kama ningeruhusiwa mboga moja tu maishani ningechagua hiyo. Naliosha vizuri kwa sababu ya dawa za shambani, na kama sijui limelimwa vipi namenya sehemu kubwa ya ganda. Nalikata vipande vya mviringo vyenye unene wa kidole kidogo. Natia kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hadi mbili, bila chumvi, bila mafuta, bila chochote, kisha natumbukiza kwenye maji baridi ili visiendelee kuiva. Kazi ya ule mchemsho mfupi ni kulainisha nyama ya mboga ili mdomo wa kukwangua uweze kuishika, na kutoa hewa iliyomo ili kipande kizame. Kikiiva sana kitamumunyuka na kuchafua maji. Kipande kizuri ukikibonyeza kwa kidole kinakubali kidogo, lakini hakivunjiki.

Kuzamisha kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Mpira unakatika, uzi unaweza kumnasa samaki, na jiwe huangukia mimea. Sasa natumia uma wa chuma kisichoshika kutu: nachoma kipande, nalaza uma mchangani, asubuhi nauinua pamoja na kilichobaki. Uma huo hautumiki tena mezani. Misumari ya kawaida iliyopakwa zinki usiitumie, wala kitu chochote chenye shaba au risasi. Madini hayo huingia majini, na hawa samaki hawayavumilii.

Usiku wa kwanza hakuna aliyekula. Wa pili hakuna. Nilitoa kipande kila asubuhi kama kilivyoingia, na kila asubuhi nilikata tamaa kidogo. Hapa ndipo wengi huacha na kusema "samaki wangu hapendi mboga". Samaki aliyetoka mtoni, au aliyekulia kwenye vidonge, hajawahi kuona mumunye. Hajui kwamba lile duara la kijani ni chakula. Wewe weka pale pale, saa ile ile, baada ya kuzima taa, utoe asubuhi. Wapo wanaoanza siku ya kwanza, na wapo wanaochukua wiki tatu.

Pleko wangu alianza usiku wa tano. Niliamka saa saba usiku, nikawasha tochi niliyoifunika kwa karatasi nyekundu ili mwanga usimshtue. Alikuwa amelalia kipande chote, mapezi ya kifuani yameenea pande mbili kama mtu anayekumbatia mto, mdomo umefunguka kama kikombe cha mpira kilichonata. Ukisogeza uso karibu na kioo unaona midomo inavyokwenda: mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila haraka, na kila mkwaruzo unaacha mistari midogo kwenye nyama ya mboga kama alama za kitana. Wingu dogo la chenga lilikuwa linamtoka kwenye mashavu, na chini yake koridora wawili wakiokota kinachoanguka. Asubuhi uma ulikuwa umeshika pete nyembamba ya ganda, katikati tupu. Niliikausha ile pete nikaiweka dirishani. Ipo mpaka leo.

Kuanzia siku hiyo niliona kamba ndefu za kinyesi cha kijani mchangani. Zisikutishe. Pleko anayekula hujisaidia sana, na kinyesi chake huchukua rangi ya alichokula. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni pleko asiye na kinyesi kabisa, au mwenye uzi mweupe uliokonda.

Tango ni rahisi, karibu samaki wote hulipenda, lakini zaidi ya asilimia 90 ni maji. Nampa pleko mgeni tango ili ajifunze kwamba mboga huliwa, kisha nambadilishia. Njegere nachemsha dakika mbili, namenya ganda, nabonyeza. Za kopo siziweki kwa sababu ya chumvi. Maharagwe mabichi ya kijani yanafaa, hayachafui maji upesi. Spinachi nachovya kwa nusu dakika tu, na simpi mara kwa mara, kwa kuwa ina oksaleti, kemikali za mmea zinazozuia mwili kuchukua kalisi. Karoti, boga na kiazi kitamu huhitaji mchemsho mrefu, dakika tano hadi kumi kutegemea ukubwa. Kiazi kitamu pleko wangu anakipenda kuliko karoti, lakini wanga wake hutia maji ukungu nikisahau kukitoa. Machungwa na jamii yake siweki, wala mkate. Ukikata mboga nyingi kwa mara moja, zigandishe kwenye friji: barafu hupasua chembe za mboga, na kipande kikiyeyuka huwa laini na huzama chenyewe, nusu ya kazi imekwisha.

Kiasi ndicho kilichoniulia samaki, basi niseme wazi ninachofanya. Kipande kimoja cha mumunye kwa pleko mmoja mzima, mara tatu kwa wiki. Kinaingia usiku, kinatoka asubuhi, na hata nikiwa na dharura hakivuki saa 24. Nikiona konokono wengi wamejazana juu yake najua nimeweka zaidi ya kinacholiwa. Wiki ya kwanza ya mboga mpya napima amonia kila siku mbili.

Koridora walihitaji meza yao wenyewe. Nilikuja kuwahurumia sana, kwa sababu ni samaki wanaoonekana wameshiba hata wanapokonda, kwa ajili ya zile bamba. Sasa nawapa vidonge vya kuzama usiku, kimoja kidogo kwa samaki wawili au watatu, na mara mbili kwa wiki viluwiluwi vyekundu vya wadudu vilivyogandishwa, au viroboto wa maji, vile vijidudu vidogo vinavyorukaruka majini, au nyungunyungu aliyekatwakatwa kutoka kwenye udongo usiopigwa dawa. Viluwiluwi nayeyusha kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, navuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, navishusha mpaka chini kabisa. Ukivimwaga juu, hakuna hata kimoja kitakachofika. Kisha tazama: koridora huzamisha uso mchangani mpaka macho, hutafuna, na mchanga hutokea kwenye mashavu kama moshi. Mtu mwenye changarawe yenye makali hataliona hilo, atakachoona ni ndevu zinazopungua wiki baada ya wiki, hasa ikiwa chakula kinaozea chini ya mawe. Nyama ya ng'ombe au kuku niliwahi kushauriwa, sikuitumia. Mafuta yake huganda kwenye joto la maji ya tangi, na tumbo la samaki halikuumbwa kwa ajili ya hayo.

Pleko naye anataka nyama kidogo, kidonge kimoja cha koridora hapa na pale. Nilipomwacha ale viluwiluwi kadiri apendavyo alivimba tumbo siku mbili, nikamfungia mlango huo. Lakini kumnyima kabisa nako si vizuri. Pleko mwenye njaa ya protini anaweza kuanza kulamba ute wa mwilini mwa samaki wapana waliolala, na kuwaacha na vidonda.

Halafu kuna vile vidonge vinavyoitwa vya mwani. Nilivinunua kwa miezi kadhaa kwa imani kubwa, nikiwapa oto na pleko, nikidhani wanakula mwani. Siku moja nilisoma mgongo wa pakiti. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na cha kwanza kilikuwa unga wa samaki, cha pili ngano. Mwani ulikuwa wa saba. Sisemi vyote viko hivyo. Nasema usisome mbele ya pakiti, soma nyuma, na kwa mla majani tafuta ile ambayo mwani, au spirulina (vijidudu vya kijani-buluu vinavyofanana na mwani), umetajwa mwanzoni.

Oto yule mmoja alinifundisha subira kuliko wote. Mumunye aligusa, lakini si kila mara. Kilichomwokoa ni mawe. Niliokota mawe laini sita, nikayaosha, nikayaweka ndani ya chombo cha kioo chenye maji niliyoyatoa kwenye tangi wakati wa kubadili, nikakiacha palipo na jua. Baada ya wiki mbili hivi yalikuwa yamevaa mwani laini wa kijani. Nikamtia mawili, yakiisha kulambwa nayarudisha juani na kuingiza mengine mawili. Pia niliacha kufuta kioo cha nyuma. Wageni huniuliza mbona nyuma pachafu, nami nawaambia pale ndipo jikoni kwao. Nikaongeza majani ya mkungu yaliyokauka yenyewe mtini, niliyoyasuuza. Yakikaa majini siku kadhaa huota ule utando, na oto huyalamba mpaka yabaki mishipa mitupu. Maji huwa na rangi ya chai kidogo, wao hawajali.

Sikununua oto mwingine kwa miezi minane. Nilisubiri mpaka tangi lipate utando wake kila mahali, na nilipokwenda kununua sikuangalia rangi wala uchangamfu. Nilimwomba muuzaji nisubiri mpaka kila mmoja ajibandike kwenye kioo nimwone tumbo. Ilinichukua karibu saa nzima, na waliobonyea niliwaacha ingawa iliniuma. Niliuliza wamekaa pale muda gani na wanakula nini. Nilirudi nyumbani na saba.

Mwaka wa pili Ancistrus wangu akapata jike, na siku moja nikamkuta kwenye pango lake akipepea mayai ya rangi ya chungwa kwa mapezi. Yalianguliwa baada ya siku tano. Vifaranga hukaa na kiini cha yai tumboni siku kadhaa bila kula, halafu kiini kikiisha wanataka chakula saa zote, usiku na mchana, na hapo ndipo wengi hufa kwa sababu mfugaji bado analisha kwa ratiba ya wazazi. Kwa ajili yao nilijifunza kugandisha chakula changu mwenyewe: mumunye, njegere zilizomenywa na spinachi kidogo, robo yake iwe kamba waliosagwa, vyote vimesagwa laini na kuchanganywa na agari iliyochemshwa, kigandishio kinachotokana na mwani wa baharini. Mara ya kwanza nilitumia jelatini kidogo, kigandishio kinachotokana na wanyama, ikalainika kwenye maji ya nyuzi 27 na kuyeyukia mchangani. Agari haina shida hiyo. Nakimwaga chakula hicho bapa kwenye trei, kikishika nakata vipande vidogo vidogo na kuvigandisha. Kipande kimoja asubuhi, kimoja jioni, cha zamani kinatoka kabla kipya hakijaingia, na maji nabadili kidogo kila baada ya siku moja. Vifaranga 40 na kitu walitoka salama. Ukiwamulika kwa nyuma unaiona mizunguko ya utumbo tumboni mwao, ya kijani.

Jana usiku niliwasha tochi nyekundu nikawahesabu oto. Saba, kila mmoja tumbo limejaa. Wa nane, yule mzee wa tangu mwanzo, sikumwona, na kwa dakika kadhaa moyo ulinidunda kama siku zile. Nikainamisha tochi nyuma ya gogo. Alikuwa juu ya jiwe nililolitoa juani asubuhi, amelizunguka nusu, na nyuma yake ameacha njia nyembamba isiyo na kijani.